Wimbo Uliovishwa Maneno

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ingawa ilipokuwa inapita niliiona ya kawaida. Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kubeba kikapu cha majani chai peke yangu, na nilikuwa narudi kutoka kituo cha kupimia majani huko kwetu Kibugu, kikapu kitupu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni kama desturi yake kila alasiri. Nilipofika nyuma ya nyumba ya Mwalimu Wawira nikasikia kinanda, nikasimama kando ya ua wa miti ya miiba ya kayaba, na sikuondoka hapo mpaka kikanyamaza.

Si kwamba vinanda vilikuwa vigeni kwangu. Baba yangu, Njeru, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, na kanisani kulikuwa na kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kinachohema kama mzee anayepanda mlima. Lakini hicho cha kanisani kilikuwa mtumishi wa maneno. Watu wakiimba kinawafuata, wakinyamaza kinanyamaza. Hiki cha Mwalimu Wawira hakikuwa kikimfuata mtu. Kilikwenda peke yake, polepole, kikiuliza jambo na kujijibu, kisha kikakataa jibu lake chenyewe na kuuliza tena. Nilisahau kwamba nilikuwa nahisi baridi. Nilifika nyumbani nimechelewa, na mama akanipokea kwa namna ambayo mama wa Kiembu humpokea binti aliyepotea na kikapu. Hilo nakuachia ulijaze mwenyewe.

Lazima nikueleze jambo moja kuhusu watu wetu, la sivyo hutaelewa yaliyofuata. Kwetu wimbo ni maneno. Ukipita shambani ukiimba midomo imefungwa, mtu atakuuliza kutoka shamba la pili huo ni wimbo gani, na maneno yake ni yapi. Ukimwambia hauna maneno atadhani umeyasahau. Atakuhurumia, na pengine atakutungia yake. Baba alikuwa akisema kwamba sauti bila maneno ni chungu kisicho na githeri: unaweza kukigonga kikalia vizuri, lakini hakuna atakayeshiba. Hakuwa akidharau chochote. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyotufundisha.

Mwalimu Wawira alifundisha shule ya wasichana iliyokuwa chini ya kilima. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kila mtu Kibugu alijua kwamba mwaka ule alikuwa amemzika binti yake wa pekee, Muthoni, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule ya nasari. Mtoto alishikwa na homa ya mapafu msimu wa ukungu mzito, na kabla gari la kumpeleka hospitali huko Embu mjini halijapatikana, alikuwa amekata roho. Kinanda chenyewe kilikuwa cha wamishonari wa zamani. Walipoondoka kilibaki, hakuna aliyejua kukitengeneza, na wazee wa kanisa wakaona afadhali akichukue yeye aliyefundishwa nacho utotoni kuliko kiliwe na panya. Alikiweka sebuleni, na siku za mvua akawasha taa ya chemli chini yake ili unyevu usiziharibu mbao. Majirani walisema huzuni imemchanganya, anapasha moto kitu kisichosikia baridi.

Nilirudi siku iliyofuata, na siku nyingine, kila mara nikijifanya natafuta kuni kando ya ua ule. Hatimaye akafungua mlango akaniuliza kama kuni za kwetu zimekwisha. Nikamwuliza swali ambalo mtoto yeyote wa kwetu angeuliza: maneno ya wimbo ule ni yapi? Akasema hauna. Nikauliza yalipotelea wapi. Hapo alitabasamu, na sidhani kuna mtu aliyekuwa ameona tabasamu lake tangu mazishi. Akanieleza kwamba aliyeutunga ni mtu wa Ulaya aliyekufa zamani sana, kwamba aliuandika uwe hivyo hivyo, na kwamba nikitaka kuusikia ni lazima niache kuutafutia kitu ambacho hauna. Kisha akaniambia ninawe mikono, niketi.

Somo la kwanza lilinishinda. Wewe unamwona mchuma chai akichuma kwa mikono yote miwili, unadhani mikono hiyo ni hodari, kumbe yote inafanya kazi moja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kikapu kijae. Mwalimu aliniambia chai imeifunza mikono yangu kukubaliana, na pale kila mkono ulitakiwa uwe na mawazo yake. Wa kushoto utembee tu, kama mtu anayekwenda shamba kila siku, kunyeshe kusinyeshe. Wa kulia ulalamike. Na mimi nisijaribu kuipatanisha, alisema, niiache isikilizane. Ilinichukua muda mrefu kuacha kuipatanisha.

Kulikuwa na mahali pamoja palipokuwa pakinisumbua hata nikiwa shambani. Wimbo ulikuwa ukienda kwa furaha ya kawaida, kisha, bila kuongeza nguvu wala kasi, ghafla koo linakushika. Nilimwomba anionyeshe alichofanya hapo. Akanionyesha. Kidole kimoja tu kilikuwa kimesogea kutoka kibao cheupe hadi cheusi kilicho jirani yake, nusu hatua kwenda chini. Kwa ile solfa ya do, re, mi niliyofundishwa na baba, mi ilikuwa imeshuka kidogo, basi, na vidole vingine vyote vilibaki mahali pake. Nililiwaza jambo hilo siku nyingi huku nikichuma. Inakuwaje furaha na huzuni zikae karibu hivyo, na kidole kimoja ndicho kiwe njia? Sikuwa nimewahi kuwaza hivyo juu ya kitu chochote, hata Biblia, Mungu anisamehe. Moyo wangu ulivutwa, lakini na akili yangu pia ilivutwa, na kabla ya hapo sikujua kwamba viwili hivyo vinaweza kuvutwa kwa kamba moja. Mama alisema nimeanza kuzembea, na kweli kikapu changu kilikuwa kinarudi chepesi.

Wimbo wenyewe ulikuwa na sehemu tatu. Mwanzo ulikuwa mpole. Katikati kulikuwa na dhoruba, vidole vikikimbia hata ukadhani mbao zitapasuka, sauti nyingi mno na za kasi mno kwa koo la binadamu. Kisha dhoruba inakatika na ule mwanzo unarudi, karibu vilevile, lakini wewe uliyepitishwa katikati huusikii tena kama mara ya kwanza. Nilimwuliza Mwalimu mbona anaupenda huo kuliko mingine. Akasema Muthoni alikuwa akilala sakafuni chini ya kinanda, mbao zikitetemeka mgongoni mwake. Sehemu ya mwanzo ilimlaza, ya katikati ilimwamsha, na mwanzo ukirudi alilala tena. Aliweka mikono akaupiga wote, na nilipoinua macho nikaona amelia na uso wake umetulia.

Elewa, mwanangu, kwamba mama yule alikuwa amekwisha kuambiwa kila kitu. Aliambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Aliambiwa Mungu alihitaji malaika mdogo. Aliambiwa bado ana nguvu, ataolewa tena, atapata wengine. Kila mtu alikuja na lake, akanywa chai, akaenda zake akiwa mwepesi, naye akabaki na vikombe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wimbo ule ndio kitu pekee kilichoketi naye bila kumwambia neno.

Sasa mimi nilikuwa mtoto, na mtoto akijaa kitu humwagika. Nilikuwa nikiimba ile sehemu ya mwanzo midomo imefungwa, nikichuma, nikiteka maji, nikimenya nduma. Baba akaisikia. Alikuwa na sikio, baba yangu, sauti ikimwingia mara moja haitoki. Akaniuliza ni wimbo gani, nikamjibu ni ule ambao Mwalimu Wawira alikuwa akimpigia Muthoni. Baba alikuwa amemlilia mtoto yule kwa dhati, na ndiye aliyelibeba lile jeneza dogo mikononi kutoka barabarani hadi kaburini, akikataa kupokewa. Akasema maskini mama yule, ana wimbo wa mwanawe na wimbo hauna hata neno moja. Nilidhani ni maneno ya kupita tu.

Mwaka ulipotimia tukafanya ibada ya ukumbusho na kusimika msalaba, kama ilivyo desturi. Turubai zikafungwa nyumbani kwa Mwalimu, viti vikapangwa, vyungu vikatelekwa. Kwaya ilikuwa imejifunza kwa siri, na hata mimi sikujua, kwa sababu baba alitaka iwe zawadi. Ulipofika wakati wao akasimama mbele, akawapa sauti, nao wakaanza mwanzo ule mpole kwa sauti nne. Juu yake kulikuwa na maneno. *Lala, mtoto, lala. Kwa Baba hakuna baridi.*

Ningependa kukuambia kwamba ilikuwa mbaya, hadithi yangu ingekuwa rahisi. Ilikuwa nzuri. Wanaume wazima walifunika nyuso kwa kofia, na mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alilia mpaka akashikwa mkono. Mwalimu Wawira alisimama akamshika baba mikono yote miwili akamshukuru mbele ya watu. Kisha akazunguka akihakikisha kila mtu amepata chakula. Tulirudi nyumbani tukisema leo amefarijika.

Nilipokwenda kwake baada ya hapo nilisikia kinanda nikiwa bado njiani, na kilikuwa kwenye dhoruba. Nikapunguza mwendo ningoje ule upole urudi. Haukurudi. Alifika ukingoni kabisa, akanyamaza, kisha akaanza dhoruba upya kutoka katikati, akafika palepale, akanyamaza tena. Nikaingia, na kwa ujinga wangu nikamwambia anaruka mwanzo. Alinijibu kwa Kiembu, nami nakupa kwa Kiswahili.

"Mwanzo siwezi tena. Nikiugusa tu, kwaya inaimba."

Nikamwambia lakini maneno ni mazuri.

"Ni mazuri, Wanja. Ndiyo maana hayatoki. Yanasema baridi, na nikisikia baridi najiuliza kama nilimfunika vizuri. Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna mtu aliyekuwa ananiambia kitu."

Nililia. Nikasema nitakimbia nimwambie baba, ayaondoe, kwaya isiuimbe tena. Hapo ndipo aliponikaripia, na hakuwahi kunikaripia kabla wala baada. Akaniambia nikome. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, na kwaya ikinyamaza leo yeye bado atayasikia kesho. Baba yangu alimpa kitu bora alichokuwa nacho, na nikimwambia nitamwumiza bure wala yeye hatapona. Akanitaka niahidi kwamba baba hatajua kamwe. Niliahidi, nikaishika ahadi. Baba alikufa akiamini ule ndio wimbo bora aliowahi kuufanya, nasi tukamwimbia huo huo kaburini.

Mwalimu wangu alibaki na kipande cha kati, miaka na miaka. Fikiria hilo. Dhoruba tupu, isiyo na nyumba unayotoka wala nyumba unayorudia, na hapo katikati hapakuwa na maneno kwa sababu tu hakuna koo lingeweza kupaimba. Alinifundisha nyimbo nyingine nyingi na nilizipenda, kwani mchovya asali hachovyi mara moja. Lakini huo hakuniongoza kuumaliza, nami sikumwomba.

Wimbo wa baba ulisafiri kuliko yeye. Ulishuka hadi Siakago, na huko chini, ambako jua halimwachi mtu mwaka mzima, watu wakaimba kwa machozi kwamba kwa Baba hakuna baridi. Mimi niliolewa Kibirichia, kwenye mashamba ya viazi, nikawa napiga kinanda cha kanisa huko. Katika mazishi ya kwanza niliyohudhuria, akina mama walisimama wakauimba kwa Kimeru. Nilitoka nje nikajifanya nafunga kiatu. Nilikuwa na hasira na watu ambao hawakunikosea lolote.

Lakini nitakuambia ukweli wote, maana nasaha ya nusu ni mbaya kuliko uongo. Mume wangu alipofariki waliniimbia huo, na ulinisaidia. Nililia nikamaliza, nikapata usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu alazwe hospitali. Hapo nikajua kwamba jambo hili halina mwovu. Mama wengi wamefarijiwa kwa wimbo ule, na faraja yao ilichukuliwa kutoka kwa mama mmoja, na hakuna wa kumshtaki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hilo nimelibeba, na bado ni zito.

Mwaka juzi nikaletewa habari kwamba Mwalimu anasahau. Alianza na majina, kisha sura, kisha matumizi ya vitu, akitia chumvi kwenye chai na kuwasalimia marehemu. Nikasafiri hadi Kibugu. Nilimkuta akitunzwa na mjukuu wa dada yake, Igoki, msichana mchangamfu mwenye mikono mizuri ya kazi, aliyeniita Cucu, yaani nyanya. Mwalimu akanitazama akaniita jina la mtu nisiyemjua. Akaniuliza kama nimeleta majani chai, nikasema nimeleta. Picha ya Muthoni ilikuwa ukutani palepale, naye akaniuliza mtoto yule ni wa nani, kisha akageuka bila kungoja jibu. Nilishukuru kwamba hakungoja.

Igoki alikwenda jikoni kutuandalia chakula. Mwalimu akajikongoja hadi kwenye kinanda, akaketi, akaweka mikono. Nikajitayarisha kwa dhoruba. Badala yake akaanza mwanzo. Sauti za kinanda zilikuwa zimelegea kwa uzee, lakini mkono wa kushoto ulitembea, wa kulia ukalalamika, na pale pangu pa zamani kidole kikashuka ile nusu hatua, na koo langu likashikwa kama nilivyoshikwa nikiwa msichana. Nikamtazama usoni. Alikuwa ametulia kabisa. Nikaelewa: maneno yalikuwa yamemtoka. Yalikuwa yameondoka pamoja na majina na sura na kila kitu, na mikono ilikuwa imebaki.

Ndipo nikasikia Igoki anaanza kuimba jikoni. Alikuwa anamenya viazi, amesikia wimbo anaoujua, na sisi wimbo tukiujua tunauimba. Alikuwa anaanza taratibu, kwa sauti tamu, "Lala, mtoto." Magoti yangu unayajua, mwanangu, lakini niliruka. Nilifika jikoni nikamshika mkono wenye kisu.

"Usiimbe."

"Kwani nimekosea, Cucu? Hii si ndio ile ya matanga? Mimi naijua yote."

"Hujakosea. Mwache apige."

Akaona machozi yangu, akaweka kisu chini. Tulisimama wote wawili kwenye moshi tukisikiliza. Dhoruba ikaja, ikapita, ikafika ule ukingo ambapo alikuwa akikatiza siku zote. Hakukatiza. Mwanzo ukarudi, mpole vilevile, mpaka mwisho. Igoki hakuelewa alichokuwa anasikia, lakini hakuuliza, na kwa hilo nitamwombea mema maisha yangu yote.

Niliporudi sebuleni nilimkuta Mwalimu anafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akiyatazama machozi kana kwamba si yake.

"Wimbo huu ni wa nani?" akaniuliza.

Jina lilikuwa kwenye ulimi wangu. Ningeweza kumrudishia mtoto wake kwa neno moja tu. Lakini pamoja na mtoto ningemrudishia ukungu, na gari lililochelewa, na kaburi, na lile swali la kama alimfunika vizuri, yote yawe mapya kama ya leo asubuhi. Au ningeweza kumwachia wimbo. Vyote viwili havikuwezekana, na mwenye haki ya kuchagua alikuwa ameketi mbele yangu na hakuwepo. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa swali kama lile.

"Ni wako, Mwalimu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Aliyeutunga alifiwa," akasema. Kisha akaniuliza tena kama nimeleta majani chai.

Mwaka haukwisha tukamzika kando ya Muthoni. Kwaya iliimba wimbo wa baba, na wangeachaje, nusu ya Embu inajua ulikuwa wimbo wake. Niliimba pamoja nao. Hadi leo sijui kama nilimjibu vyema. Ziko siku naona nilimpa alichonyang'anywa, na ziko siku naona nilimficha mama mwanawe saa ambayo alikuwa amemkaribia. Sina wa kumwuliza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uisikilize taratibu, maana nyinyi vijana mna haraka. Nawaona kwenye misiba. Habari haijapoa, tayari mmekwisha andika kwenye simu kwamba ni mapenzi ya Mungu, mmeweka na ua na mshumaa. Sisemi mna nia mbaya. Hata baba yangu hakuwa na nia mbaya. Ukisikia mtu amefiwa, tanguliza miguu kabla ya ulimi. Nenda uketi. Teka maji, pasua kuni, osha vikombe. Akitaka kusema, atasema, na akisema usimsahihishe. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na wazee waliosema hivyo walikuwa wameona mengi. Na ukigundua kwamba ana kitu chake kidogo kinachomshikilia, wimbo, au mahali anapopenda kukaa, au shati asilotaka lifuliwe, usikiguse, usikieleze, usikipambe. Muulize kwanza. Anayemchukia hawezi kukiharibu, kwa kuwa hatakikaribia. Atakayekiharibu ni anayempenda.

Na la pili. Kwenye simu hizo hizo mna muziki wote wa dunia, ule ambao mimi niliusikiliza nimesimama kando ya ua kwenye baridi. Tafuta mmoja usio na maneno. Keti, acha kazi, usikilize kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale koo litakapokushika rudi hapo ujiulize kwa nini, kidole gani kimesogea. Hutapata jibu lote. Lakini utazoea kukaa mbele ya jambo usilolielewa bila kukimbilia kulisemea, na siku ukikaa mbele ya mtu aliyeumia utakuwa umekwisha jifunza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu, ila sikio hufunzwa kuusikia.

Mungu akulinde na kufiwa kabla ya wakati. Na kwa kuwa kufiwa kupo, kwako kama kwetu, akuletee siku hiyo mtu wa kuketi nawe asiyetaka kukuambia lolote. Akupe moyo mpana na ulimi mfupi, akupe mikono yenye kazi, na akikuchukulia kumbukumbu zako uzeeni, akuachie kile ulichokipenda zaidi. Ngai akurathime, Mungu akubariki, nenda salama.